Ndiyo, Hakuna

Kompyuta ya kanisa pale Makindu ilikaa zaidi ya mwezi mzima bila kuzimwa, kwa sababu Kavata aliogopa kuizima. Hakujua kuiwasha. Aliyejua alikuwa mumewe Kiema, karani wa kanisa, na Kiema walikuwa wamemzika kijijini kwao Mukuyuni mwishoni mwa Oktoba, mwaka ule wa tisini na nane. Basi kila asubuhi Kavata aliingia ofisini, akapangusa vumbi kwenye kioo, akakitazama kile kialama cheupe kinachopepesa, akatoka. Mke wa mchungaji alimwambia mashine inakula stima bure. Kavata alimwitikia vizuri, akaiacha vilevile.

Alikuwa na sababu. Maneno ya mwisho ya mumewe yalikuwa ndani ya mashine ile, na hayakuwa mahali pengine popote duniani.

Saratani ya koo ilimwanza Kiema mwezi wa Februari. Kufika Juni madaktari walikuwa wamemtoboa shingo ili apate kupumua, na ile sauti iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani bila kinanda ikaondoka, isirudi. Familia ilikaa katika chumba kilicho nyuma ya ofisi, kwa hiyo mchungaji aliruhusu kitanda chake kihamishiwe humo humo ofisini, kando ya kompyuta. Kiema akawa anaongea kwa vidole. Anaandika, Kavata amesimama nyuma yake anasoma, kisha anamjibu kwa mdomo. Ukitafakari, yaliyobaki ndani ya mashine yalikuwa mazungumzo ya upande mmoja, kama ya mtu unayemsikia akipiga simu chumba cha pili. Aliandika Kikamba maumivu yakizidi, Kiswahili akitaka mzaha, na Kiingereza alipotaka kumlaumu Mungu, maana alisema Kiingereza kinamruhusu mtu kulaumu bila kukosa adabu. Kila jioni aliyahifadhi, siku kwa siku, kwa tarehe. Karani ni karani hata akiwa anakufa.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Mutindi. Alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni huko upande wa Kitui, na mtihani wa taifa ulikuwa umeanza.

Sasa huku kwetu kuna desturi moja ambayo haimo katika Biblia wala haikutoka kwa mababu, lakini watu wameishika kuliko wanavyoshika hayo mengine: mtoto aliye kwenye mtihani haambiwi msiba. Mzazi atakufa, atalazwa mochari, atahubiriwa na kufukiwa, na mtoto yuko darasani anatafuta eneo la pembetatu. Mwalimu mkuu anajua, walimu wote wanajua, hata mpishi anayempakulia githeri anajua, tena siku hiyo anamwongezea. Ni mtoto peke yake asiyejua. Watu wanaiita huruma. Mimi sijui niiite nini.

Siku Mutindi alipomaliza karatasi ya mwisho, ami yake Kiilu, kaka mkubwa wa Kiema, alimfuata na pikapu. Msichana alitoka getini akiimba na wenzake. Alimuuliza ami, baba anaendeleaje? Kiilu akasema wataongea njiani, na njia nzima akaongea habari za mvua. Alimpeleka moja kwa moja hadi Mukuyuni, mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeshaanza kuota majani.

Mutindi hakulia. Aliuliza swali moja tu: nani aliyeamua nisiitwe? Kiilu, ambaye kwenye mazishi alikuwa mwenyekiti wa kila kitu, kuanzia hema hadi chumvi, ghafla akawa mtu mdogo. Akasema, "Hiyo uulize mama yako."

Kavata alipofika kutoka Makindu kesho yake alimkuta binti yake amekaa nje ya jiko, mgongo ukutani.

"Ni baba yako mwenyewe," alimwambia. "Nilimuuliza. Nilimwambia, Kiema, tumwite Mutindi au tusimwite? Akaandika majibu marefu. Akasema usiitwe."

"Nionyeshe."

"Iko kwa kompyuta, Makindu."

"Basi nitakuja Jumatano nisome mwenyewe. Nikikuta ni yeye alisema hivyo, mama, nitanyamaza, sitauliza tena. Lakini nisipoona, nitajua ni nyinyi mlinifungia nje."

Kavata alirudi Makindu akiwa karibu na furaha. Hakuwa amesoma maandishi yale tena tangu mumewe afariki, moyo haukumpa. Lakini alijua yapo. Alijua kwamba siku ya Jumatano mtu mwingine atasema maneno ambayo yeye hakuweza kuyasema, na huyo mtu atakuwa Kiema.

Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi. Ndinda, kiongozi wa kwaya, alitafuta pa kuchomeka kinanda, akaona plagi ofisini, akaichomoa. Walipomaliza akairudisha mahali pake kwa adabu zote, akafunga mlango. Nani wa kumlaumu? Plagi ni plagi.

Jumatatu asubuhi Kavata alipoingia na kitambaa chake cha vumbi, kioo kilikuwa cheusi na maandishi meupe ambayo hajawahi kuyaona. Kisha akachukua simu ya ofisi, akawaomba wa exchange, wale wa kuunganisha simu, wamtafutie Ndungu, Nairobi.

Ndungu alikuwa mtoto wa Mama Kagure, yule Mkikuyu aliyeuza nguo kando ya barabara ya Mombasa tangu miaka ya sitini. Alizaliwa hapo Makindu, akakaa dawati moja na Kiema, na Kikamba alikizungumza mpaka wageni wakakataa kwamba ni Mkikuyu. Baadaye alienda Kanada kusoma, akakaa miaka kumi na minne, akarudi na ndevu na utaalamu wa kompyuta. Ni yeye aliyeleta mashine ile na kuitilia programu iitwayo Linux, kwa sababu alisema haishikwi na virusi na haina mwenyewe wa kudai leseni. Mchungaji alidhani Linaksi ni jina la mfadhili, akamwombea baraka Jumapili mbili mfululizo kabla Kiema hajamnong'oneza.

"Shemeji, ni mimi, Mama Mutindi."

"Mama Mutindi! Pole sana. Mimi bado siamini."

"Tumeshapoa, shemeji. Hii kompyuta imegonjeka."

Alimsomea maandishi herufi kwa herufi. Ndungu akauliza kama stima ilipotea, naye akamwambia habari ya kinanda.

"Haya, sikia. Hii mashine ikiamka, kitu ya kwanza inaangalia ni root yake. Kila kitu imesimama juu ya hiyo root. Sasa imeangalia ikapata imeumia, ikakataa kuendelea. Inataka mtu airekebishe na mkono."

"Mzizi," Kavata alisema.

"Eeh, mzizi. Password unajua?"

Aliijua. Alikuwa amemwona Kiema akiiandika mara nyingi: jina la Mutindi na mwaka aliozaliwa. Aliandika kwa kidole kimoja. Kioo hakikuonyesha hata herufi moja, akadhani vibonyezo vimekufa pia.

"Haiandiki, shemeji."

"Inaandika, inaficha tu. Bonyeza Enter."

Ikakubali. Ndungu akamtajia amri fupi ya kukagua diski, naye akaiandika huku amebana simu kwa bega: f, s, c, k, na vingine vya kufuata. Taa ndogo ya mashine ikaanza kuwaka na kuzima. Kisha likaja swali.

"Usijibu kwanza," Ndungu alisema. "Nisomee."

Kavata akasoma namba ndefu, na mwishoni neno moja la kuulizia: Clear?

"Mama Mutindi, hapo ndani kuna kazi za Kiema?"

"Ziko. Zote ziko hapo."

"Na hakuna copy mahali pengine? Kwa floppy, hizo diski ndogo? Hakuwahi kutoa?"

"Ndiyo," Kavata alisema, na kulisema kulimchoma.

"Ah! Afadhali sana! Basi usiogope. Kila ikiuliza, wewe bonyeza y tu. Y, y, y, mpaka imalize. Mimi nakuja Jumatano nitai—"

Mwanamke wa exchange akaingia, akasema dakika zimeisha, na laini ikakatika.

Neno lile afadhali lilimkaa Kavata kooni. Afadhali nini? Alishika simu tena, akaiweka chini. Ndungu ni mtu aliyesoma, akajiambia. Labda ameona dawa. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakuwahi kupanga foleni ya exchange ya Makindu Jumatatu asubuhi, wala kumuuliza msomi mara mbili kitu ambacho ameshakijibu kwa furaha. Akavuta kiti.

Akabonyeza y. Mashine ikauliza tena. Akabonyeza y. Neno clear hakuliogopa hata kidogo. Alilijua kutoka kwa watoto wa shule: Mutindi ameclear Form Four, yaani amemaliza, tena salama. Aliona mashine inamuuliza kwa heshima, hii nayo imalizike? Naye anaikubalia, ndiyo, imalizike. Alihesabu mpaka sitini, akaacha kuhesabu. Kila y aliitia nguvu ndogo ya moyo, maana alikuwa anasali. Karibu saa nne mashine ikanyamaza, ikajizima yenyewe, ikaamka, ikapitisha mistari yake mirefu, na mwishowe likatokea jina la kanisa na kile kialama cheupe kinapepesa, kama zamani.

"Asante Yesu," Kavata alisema, akaketi chini sakafuni, akalia kwa raha.

Siku mbili zile alizipenda. Aliosha mapazia ya ofisi. Alitwanga mahindi ya muthokoi, chakula alichopenda Mutindi, na akamwomba jirani jogoo. Hakuigusa mashine tena. Kufungua alimwachia Ndungu, na kusoma alimwachia Mutindi.

Jumatano Ndungu alifika mapema. Alimshika Kavata mikono miwili, kisha akakaa kwenye kiti cha Kiema. Akaandika kidogo, akatikisa kichwa.

"Imesafisha sana," alisema. "Si kitu. Nipe ile floppy nirudishe vitu vyake."

"Floppy gani?"

"Ile ya copy."

"Copy hakuna, shemeji. Si nilikuambia?"

Ndungu aligeuka na kiti chote.

"Mama Mutindi, mimi nilikuuliza kama hakuna copy. Wewe ukasema ndiyo."

"Ndiyo," Kavata alisema. "Hakuna."

Ndungu alifunika uso kwa viganja vyake.

Kwetu ukiulizwa, "Hujala?" na kweli hujala, unajibu, "Ndiyo." Unamkubalia aliyekuuliza: ni kama usemavyo, sijala. Mtoto wa miaka mitatu hakosei. Mzungu ndiyo yake ni ya kitu kuwepo; hata umuulize kinyumenyume vipi, akisema ndiyo, kitu kipo. Ndungu alikuwa amelelewa na ndiyo yetu hii. Aliijua alipokuwa akicheza mpira wa matambara nyuma ya stesheni. Lakini miaka kumi na minne ya Kanada ilimbadilisha sikio, na hakuna aliyemwambia, wala yeye hakujua kwamba limebadilika.

Alimweleza polepole, akiangalia sakafu. Clear haikuwa kumaliza. Ilikuwa kufuta. Diski ilikuwa imechanganyikiwa, na kila kitu ambacho mashine ilishindwa kukielewa iliuliza, nikifute? Mtu asiye na nakala hasemi ndiyo. Anazima, anaichomoa diski, anampelekea fundi ainakili kwanza yote, nzima na mbovu. Kavata angekuja nayo Nairobi kwenye mfuko wa nailoni. Maandishi yangepatikana, si yote, lakini mengi.

"Na sasa?"

"Sasa kuna mahali inaweka vitu imeokota, vyenye vimepoteza majina. Tuangalie."

Vilikuwa vitu vitatu, na jina la kila kimoja lilikuwa namba tu. Cha kwanza kilikuwa nusu ya wimbo wa pasaka. Cha pili orodha ya waliobatizwa, imekatika kwenye herufi ya M. Cha tatu kilikuwa na mstari mmoja wa Kiema.

Si hilo, lile la kijani.

"Ni nini hii?" Ndungu aliuliza.

"Blanketi," Kavata alisema. "Alikuwa anasikia baridi."

Ndungu alilia pale kitini kama mtoto, na ikawa ni mjane anayembembeleza mgeni. Alisema ni mimi, ni mimi nimemfuta Kiema. Kavata akamwambia si wewe peke yako, shemeji. Mimi nilisikia afadhali yako, nikaona haifai, nikanyamaza. Alisema hivyo kwa upole, lakini ndani alikuwa anaungua. Alimchukia Ndungu, akamchukia Ndinda na kinanda chake, akajichukia na kile kidole chake kimoja kilichobonyeza kwa sala. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe, akiimba sifa.

Mutindi alifika saa nane, na begi dogo begani. Alisalimu vizuri. Ndungu akaomba aeleze yeye, na akaeleza kweli, bila kujificha: plagi, mzizi ulioumia, maswali ya mashine, na ile ndiyo iliyosikiwa vibaya. Alichora hata kwenye karatasi. Mutindi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungamana. Kavata alikuwa anamtazama usoni na akaona jinsi maneno yalivyokuwa yanasikika upande ule: kompyuta iliyokaa salama mwezi mzima ikaharibika wiki hii, ushahidi uliokuwepo mpaka siku ya kuuonyesha, na mkubwa mwenye ndevu ameletwa kutoka Nairobi kuthibitisha. Hata yeye mwenyewe asingeliamini.

Ndungu alitoka nje. Mutindi akasoma ule mstari wa blanketi, akausoma tena.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Sawa. Basi niambie wewe. Uliposimama hapa ukamuuliza kama niitwe, aliandika nini?"

Kavata alifungua mdomo. Swali lake alilikumbuka lote. Alikumbuka alikuwa ameshika kikombe cha uji na uji umeshika utando. Alikumbuka alivyosema, Kiema, tumwite Mutindi au tusimwite, na alivyoongeza, maana akija akukute hivi, atafanya mtihani na roho gani? Alikumbuka Kiema aliandika muda mrefu, akarudi nyuma akafuta kidogo, akapangusa shingo, akaandika tena. Yeye alikuwa analia, na kioo kilikuwa kinaogelea mbele ya macho yake. Alisoma, akaelewa, akamshika bega. Hakujisumbua kuyaweka maneno kichwani. Ya nini? Si yanahifadhiwa?

"Alisema umalize kwanza," Kavata alisema.

"Aliandika hivyo? 'Amalize kwanza'?"

"Maana yake ilikuwa hiyo."

"Na aliandika Kikamba ama Kiswahili?"

Kavata akatafuta. Alitafuta kweli, kama mtu anayepapasa gizani chini ya kitanda. Alijikuta anasikia sauti yake mwenyewe, siku baada ya siku, Juni hadi Oktoba: nikuletee maji? unaumwa wapi? umemsamehe kaka yako? unaogopa? Kila alichokisema yeye kilikuwapo, kizima, na mahali pa majibu ya Kiema palikuwa patupu, kwa sababu majibu aliyaachia mashine.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki hata neno moja?"

"Maana ninayo, Mutindi. Nakuapia kwa Mungu, maana ninayo."

"Maana ni yako," Mutindi alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nilikuja kuchukua maneno yake."

Kavata alimsubiri aseme lile lingine, kwamba yeye ni mwongo, kwamba walimfungia nje yeye na Kiilu. Alilitamani. Angelisema, angepata la kujitetea. Angelia, angepiga magoti, wangegombana mpaka jioni na labda usiku wangekula pamoja. Lakini Mutindi alikuwa msichana mwenye adabu, amelelewa vizuri.

"Sawa, mama," alisema, akachukua ndoo mlangoni, akaenda kuteka maji.